Sauti Ndani ya Kapu

Siku tatu katika wiki, Jumanne hadi Alhamisi, Rebeka, mama yake Dorotea, hakwenda kazini. Kazi ndiyo iliyomfuata nyumbani. Baada ya uji na sala ya asubuhi alifuta meza ya sebuleni, akaiweka kompyuta mpakato juu ya kitambaa, akawasha kifaa cha intaneti kilichokaa dirishani, kisha akatundika kanga nyekundu mlangoni. Kanga hiyo ilimaanisha kwamba kikao kimeanza na mtu asibishe hodi. Jumatatu na Ijumaa alikwenda ofisini mjini. Kampuni yake ilisafirisha sangara waliogandishwa, naye Rebeka ndiye aliyepanga safari za magari.

Majirani zao wa Buzuruga waliiona kanga, lakini hawakuizingatia. Kwao, mtu aliyeko nyumbani ni mtu mwenye nafasi. Huyu aliingia kuomba chumvi, yule kusalimia tu, na salamu za kule hazikatwi katikati. Wengine walimtania Rebeka kwamba ameajiriwa kuzungumza na ukuta. Tena, kwenye nyumba ya tatu kutoka kwao palikuwa na mashine ya kusaga nafaka ya jirani yao Luhende, iliyonguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini.

Dorotea alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule zilikuwa zimefungwa. Mama yake alimpa kazi mbili: kupokea wageni getini, na kutoigusa kompyuta.

Jumatano moja alifika Chenge, mnunuzi wa vyuma chakavu, gunia begani na mzani wa kuning'iniza mkononi. Dorotea akamwamkia, akamwambia mama yuko kikaoni. Chenge akaitazama kanga, akashusha sauti ikawa mnong'ono, akasema hata sufuria inayovuja angeinunua, ila wasimuuzie ile ya ugali wa leo. Kisha akaondoka kwa kunyata kama paka, na Dorotea akacheka hadi akashika tumbo.

Saa nne kikao kilipumzika kwa dakika kumi. Rebeka alizima kamera na kipaza sauti, akatoka mbio kwenda kumwomba Luhende asimamishe mashine kidogo, maana baada ya mapumziko zamu ya kuzungumza ilikuwa yake. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia Dorotea asiiguse kompyuta.

Dorotea alitaka tu kuuona uso wake kati ya nyuso za watu wa Dar es Salaam. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, na bila kujua akakifungua kipaza sauti. Uso wake haukutokea. Akaivuta kompyuta karibu zaidi. Waya wa umeme ulikuwa umejizungusha kwenye mguu wa kiti. Ukakazika, ukachomoka, na kompyuta ikaanguka sakafuni kifudifudi. Alipoiinua, kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona, na nyuso zote zimegeuka mistari.

Wakati huohuo akasikia mashine ya Luhende ikinyamaza. Mama alikuwa anarudi. Dorotea aliizungushia kompyuta kitenge ikiwa bado wazi, akakimbia nayo jikoni, akaizika ndani ya kapu la mahindi makavu.

"Kompyuta iko wapi?" mama yake aliuliza.

"Kuna mtu ameichukua."

"Mtu gani?"

Dorotea hakuwa ameandaa mtu. Asubuhi ile mgeni alikuwa mmoja tu. "Yule wa vyuma chakavu," alisema. "Ameitia kwenye gunia."

Rebeka hakuuliza swali jingine. Wiki hiyo mtaa ulikuwa umeibiwa redio na pikipiki, na kila mtu alikuwa na hasira inayotafuta mahali pa kutua. Alitoka barabarani, akamnyooshea Chenge kidole, akapiga kelele, "Mwizi!" Neno hilo halikuhitaji kurudiwa.

Chenge alikuwa kando ya ukuta wa mashine, akipima vipande vya nondo. Luhende alitoka na mpini wa koleo. Pigo la kwanza lilikuwa lake, nalo lilitua kwenye mkono ambao Chenge aliuinua kujikinga. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Watu wakamiminika kutoka kila uchochoro, wengine na fimbo, wengine na matofali. Wakamwaga gunia: vipande vya nondo, bati lenye kutu, feni iliyokufa. Kompyuta haikuwamo. Hilo halikumwokoa, kwa sababu mmoja alisema ameshawapa wenzake, wote wakaamini. Jiwe likampasua juu ya jicho. Kijana mmoja akauchukua ule mzani wa Chenge mwenyewe, akampiga nao mgongoni. Wanawake waliobeba watoto walisogea wakamkanyaga miguu. Damu ilichanganyika na pumba za mahindi. Sauti moja ikaagiza mafuta ya taa yaletwe.

Dorotea alisimama jikoni, ameziba masikio. Ndipo kapu likazungumza.

"Rebeka? Rebeka, tunasikia kelele. Nani anapigwa huko?"

Ilikuwa sauti ya Bi. Taramati, mkuu wa kazi wa mama yake, aliyekuwa ofisini Dar es Salaam. Dorotea aliyafukua mahindi, akashika kifuniko cha kompyuta. Angekifunga, sauti ingekufa, na hakuna mtu mtaani ambaye angejua. Nje, Chenge alikuwa analia kwa sauti iliyopasuka. "Nipigeni, lakini kwanza niulizeni. Nawaombeni kwa jina la Mungu, niulizeni."

Vidole vya Dorotea vikaachia kifuniko. "Shikamoo, Bi. Taramati," alisema, na kwa maneno machache akaeleza kila kitu.

"Mwanangu," Bi. Taramati alisema, "mimi niko mbali, siwezi kuzuia mkono wa mtu yeyote huko. Wewe unaweza. Kimbia."

Dorotea alikimbia, kompyuta kifuani. Alipopita geti mtandao ukakatika, na sauti ya Dar es Salaam ikazimika. Sasa ilibaki yake peke yake. Aliomba moyoni maneno matatu tu, Mungu wangu nisaidie, akajipenyeza chini ya mikono ya watu. Fimbo iliyokusudiwa kwa Chenge ikamwangukia yeye begani, akapiga magoti juu ya pumba zenye damu.

"Hajaiba," alisema. "Nimeivunja mimi. Nimeificha mimi."

Mara ya kwanza hakusikika. Mara ya pili walisikia waliokuwa karibu, nao wakamsukuma atoke. Mara ya tatu aliinua kompyuta juu ya kichwa chake, na punje za mahindi zikadondoka kutoka kwenye kitenge. Mama yake aliziona. Rebeka akajitupa juu ya Chenge, akamfunika kichwa kwa mikono yake. Jiwe moja zaidi lilimpata mgongoni, kisha hapakuwa na jingine.

Waliokuwa wanagombea nafasi ya kupiga wakakumbuka vyungu vyao vilivyokuwa motoni. Uchochoro ukabaki mtupu. Luhende alisimama, akautazama mpini kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemtilia mkononi. Kisha akautupa, akaenda kutafuta gari.

Hospitalini walisema mkono umevunjika mahali pawili, meno mawili yameng'oka, na jicho litapona. Siku ya pili Rebeka, Dorotea na Luhende walikwenda kituo cha polisi, wakaandikisha maelezo, kila mmoja akataja kosa lake. Bi. Taramati alipiga simu akasema kioo kitabadilishwa na kikao kitarudiwa. Rebeka alimshukuru, lakini machozi hayakumkauka. Alijua kwamba swali moja tu la ziada lingetosha.

Siku ya tatu walimpelekea Chenge uji hospitalini. Dorotea alipiga magoti kando ya kitanda. "Nilikusingizia," alisema. "Naomba unisamehe." Rebeka naye akaomba msamaha.

Midomo ya Chenge ilikuwa bado imevimba, na maneno yalitoka polepole.

"Mama Dorotea, ulipiga kelele kabla ya kutafuta ndani mwako. Usirudie tena." Kisha akamgeukia mtoto. "Kilichovunjika kwenu kilikuwa kioo. Kioo kina fundi, na fundi yuko hapo mjini. Uliogopa kuchapwa, ukataja mtu, na mtu akavunjwa. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema saa ileile, hata kama sauti inatetemeka. Juzi ilitetemeka, nami niliisikia nikiwa chini. Hiyo ndiyo iliyoniacha hai."

Akanyoosha mkono wake mzima.

"Haya, mwanangu. Niamkie, kisha unipe huo uji kabla haujapoa."

"Shikamoo," Dorotea alisema.

Chenge alimtazama kwanza, kwa lile jicho moja lililo wazi. "Marahaba," akajibu.