Mti Tusioujua

Ummi ni fundi cherehani. Kwao ni Tanga, lakini sasa anakaa Kensington, upande wa mashariki wa jiji la Johannesburg. Anashona mabaibui na kuyapeleka kwenye maduka ya Mayfair. Mumewe, Khatibu, anafanya kazi kwenye duka la fanicha huko Randburg. Anatoka alfajiri, anarudi jioni.

Wana watoto wawili. Nusaiba ana miaka mitano. Yasini ana miaka miwili, na kila anachokiokota anakitia kinywani.

Mwezi wa nne chekechea ilifungwa kwa wiki moja. Kazi ya kushona ilikuwa nyingi, na watoto walikuwa wanalia wanataka kuchezeshwa. Ummi alifanya nini? Alimpa Nusaiba simu. Usimcheke. Wangapi kati yetu tumefanya hivyo, tena jana tu?

Nyumba ilitulia. Mwanzoni Ummi alifurahi. Siku ya tatu utulivu ule ulianza kumuuma.

"Nusaiba, mwanangu, nisimulie. Chekechea mnacheza michezo gani?"

Nusaiba alijibu neno moja tu, la Kiingereza, bila kuinua macho.

Ummi aliacha kushona. Aliona uchungu kweli. "Nashinda na mwanangu chumba kimoja, na sauti yake siisikii," aliwaza. "Nisipozungumza naye sasa, nitazungumza naye lini? Akishakuwa mkubwa?"

Alichukua simu, akaifungia kabatini. Nusaiba alilia, akagaragara chini. Ummi akawachukua wote wawili, wakatoka nje.

Uani majani yalikuwa yanapukutika. Tanga hakuna majira haya. Kule kuna masika na kuna kiangazi, lakini miti haivuliwi nguo. Hapa, baridi ikikaribia, majani hugeuka manjano, mekundu na ya kahawia, kisha huanguka. Miaka yote sita aliyokaa hapa Ummi aliyaona kuwa ni takataka za kufagia tu.

Karibu na ukuta kulikuwa na mti wenye majani membamba. Chini yake kulikuwa na matunda madogo ya manjano, mengi sana. Ummi alisimama, akatabasamu.

"Lo! Mwarobaini! Hata huku upo?"

Kwao mwarobaini ni dawa. Bibi yake alikuwa akichemsha majani yake mtu akishikwa na homa. Basi Ummi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliokota matunda, akaleta sindano na uzi.

"Njoo, Nusaiba. Tutunge shanga."

Nusaiba alikuja shingo upande. Alitunga tunda moja, la pili, la tatu. Machozi yakakauka. Punde akaanza kuuliza maswali. Shanga hizi za nani? Na bibi wa Tanga tumtumie? Ummi aliona raha mpaka akasahau kumwangalia Yasini.

Hapo jirani yao aliingia getini. Jina lake ni Mama Léocadie. Ni Mkongo wa Bukavu, na ni mwalimu wa chekechea. Aliona matunda, akaona shavu la Yasini limevimba. Akatupa mfuko wake wa mboga.

"Mama Nusaiba! Huyu mutoto iko na nini mu kinywa?"

Alipiga magoti, akatia kidole, akatoa tunda. Lilikuwa limetafunwa upande mmoja.

"Ni mwarobaini tu, Mama Léocadie," Ummi alisema. "Ni dawa."

"Hapana! Huu hauko mwarobaini. Inafanana tu. Huku banaita siringa. Matunda yake iko na sumu!"

Ummi aligeuka kukimbilia jikoni. "Mungu wangu! Ngoja nilete maziwa. Nimnyweshe maziwa, nimtapishe!"

"Usimupe maziwa. Maziwa haitoe sumu. Na usimutapishe, anaweza kupaliwa. Lete maji, tumusukutue kinywa. Tia matunda mbili mu karatasi. Tunaenda kliniki sasa hivi."

Waliita teksi, wakaenda. Muuguzi alitazama yale matunda, akaujua mti papo hapo. Alimpima Yasini, akasema akae pale waendelee kumwangalia. Ummi alimpakata mwanawe, anamtazama anavyopumua. Nusaiba alishika baibui la mama yake. Walikaa mpaka alasiri imepita. Yasini hakutapika, hakulegea. Alidai biskuti.

"Hakumeza kitu cha kumdhuru," muuguzi alisema. "Mmefanya vizuri kuja haraka, na vizuri zaidi kuja na tunda lenyewe. Ndivyo tulivyojua tunapambana na nini."

Jioni Khatibu alisikia habari. Akafoka.

"Basi! Hayo mambo ya kuokota okota yaishe. Mpe mtoto simu. Simu haina sumu."

Ummi alijiona ana hatia. Alifungua kabati, akamrudishia Nusaiba simu. Mtoto akainamisha kichwa, na maswali yakaisha. Ummi aliingia jikoni, akalia.

Kesho yake Mama Léocadie alipita kumjulia hali Yasini. Alimkuta Nusaiba kwenye simu.

"Eh! Na shanga yenu?"

"Tumeacha. Baba Nusaiba hataki. Na mimi naogopa. Nilitaka mtoto azungumze nami, kumbe nusura nimuue mdogo wake."

Mama Léocadie aliketi. "Sikia, mama. Kazi ya mikono haina makosa. Kosa ni kutumia muti usiyoijua. Mu chekechea tuko na sharti: jani ama tunda tusiyoijua, tunaliacha chini. Kufanana na ya kwetu haitoshi. Na mutoto mudogo hapewe kitu inayoingia mu kinywa. Sindano inabaki kwa mukubwa. Kisha wote bananawa mikono. Ni hayo tu."

"Lakini mimi miti ya huku siijui."

"Njo nikuonyeshe."

Walitoka na watoto mpaka barabarani. Mama Léocadie aliwaonyesha mti mkubwa wenye gome la madoadoa na majani mapana kama kiganja cha mtu mzima. "Huu tunaujua. Ni mupuleni. Tunautumia kila mwaka." Waliokota majani makubwa yaliyokauka kidogo, wakayafuta vumbi kwa kitambaa. Waliyapanga kati ya magazeti, na juu yake Ummi akaweka majora yake ya kitambaa. Usiku Ummi alimweleza Khatibu masharti ya Mama Léocadie, naye akaguna, akasema wajaribu. Majani yakakaa siku mbili. Yalipotolewa yalikuwa yamenyooka, na rangi ipo vilevile.

Jumamosi walifanya kazi. Ummi alipika gundi mwenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe viwili vya maji. Alikoroga motoni mpaka ikawa nzito, akaiacha ipoe kabisa. Alikata kanda ndefu za boksi, moja kwa kila kichwa. Watoto walipaka gundi kwa vidole na kubandika majani. Kanda zikawa mataji. Yasini alipewa jani moja kubwa kuliko uso wake, akaligandisha kwenye tumbo lake.

Nusaiba alibandika majani kombo. Moja lilielekea chini. Ummi ni fundi, mkono wake haupendi kitu kilichopinda. Akanyoosha mkono aliweke sawa.

"Mama Nusaiba," Mama Léocadie aliuliza, "hii ni baibui ya mteja?"

"Si baibui."

"Basi acha. Ukiitengeneza wewe, kesho atasema hajui."

Ummi alicheka, akakalia mikono yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona! Lakini mtoto alipoachwa, ulimi ulifunguka. Hili linaitwaje? Hii mistari ni nini? Kwa nini jani linaanguka, linaumwa? Kiingereza kilichanganyika na Kiswahili, na Ummi alijibu yote. Tangu saa nne mpaka adhuhuri hakuna aliyeulizia simu.

Khatibu, ambaye Jumamosi hutoka kazini mapema, alirudi akasimama mlangoni. Aliona gundi sakafuni, aliona mke wake amevaa taji la majani. Akakuna kichwa. Kisha akatoa kitu mfukoni, kwa haya kidogo. Lilikuwa jani jekundu, zuri sana.

"Nimeliokota Randburg, nje ya duka," alisema. "Nilisema nimletee Nusaiba."

Ummi alishusha pumzi. Hakumkumbusha alivyofoka.

Nusaiba alilipokea. Aliligeuza huku, akaligeuza huku. Halafu akamtazama baba yake, akasema kwa Kiswahili, pole pole, kila neno mahali pake:

"Baba, mti wake tunaujua?"

Khatibu alimtazama Ummi. Ummi alimtazama Mama Léocadie.

"Hapana, mwanangu," Khatibu alisema. "Siujui."

"Basi hatutumii. Tunaliacha chini. Unawe mikono, halafu nikupeleke kwenye mti wetu."

Khatibu akanawa mikono.