Mwani Usiokunjwa

Masanduku ya Lucimara yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye buti la teksi, mlango umefungwa, gari limeanza kusogea, mara Tadeu akakanyaga breki.

“Hapana,” alisema. “Mimi siwezi kumpeleka mtu Ulaya na tumbo tupu.”

“Tadeu, nina ndege,” Lucimara alisema kutoka kiti cha nyuma.

“Ndege ya jioni. Sasa ni mchana. Na wiki hii zamu ya kuchagua ni yangu.”

Dalva, aliyekaa kando ya Lucimara na kuushika mkono wake, alicheka na kulia kwa pamoja. Tangu asubuhi alikuwa hivyo hivyo. Huyu Lucimara alikuwa shoga yake tangu shule, wameazimana viatu, wamesukana nywele, wamezikiana wazazi. Sasa anahamia Lisbon kwa dada yake. Ghafla tu. Alisema amepata kazi ya saluni huko.

Mbele, karibu na dereva, alikaa mume wa Dalva, Evandro, fundi wa lifti. Yeye hakucheka.

“Tumwache aende, jamani. Foleni ya uwanjani mnaijua.”

“Wewe leo una nini?” Tadeu alimgeukia. “Mtu unakula mpaka sahani inaomba msamaha, leo unaogopa foleni?”

Hawa wanne walijiita Sahani Nne. São Paulo ni mji wa watu waliokuja kutoka kila upande wa dunia, na kila waliokuja walikuja na vyungu vyao. Kila Alhamisi mmoja wao alichagua jiko: supu ya karanga ya Wabolivia, mikate ya Waarmenia, samaki wa mama mmoja Mkameruni aliyepikia sebuleni kwake. Hawakutaka mahali pa watalii. Walitaka pale ambapo mwenye jiko anakula chakula kile kile anachouza.

Sheria yao ilikuwa moja. Jiko jipya huingiwa na wote wanne, siku moja, na tonge la kwanza wanalila pamoja. Tadeu ndiye aliyeitunga, alipomzika mkewe na kushindwa kula peke yake. Lakini aliyeishika kuliko wote ni Dalva. Safari moja mvua ilimkuta na njaa nje ya duka la Wasiria ambalo walikuwa bado hawajaliingia. Alilowa pale kibarazani mpaka ikakatika, hakuvuka kizingiti.

“Tunaenda wapi sasa?” aliuliza.

“Bom Retiro. Kuna jiko la Wakorea halina kibao. Ghorofa ya juu, juu ya duka la vitambaa. Nashusha abiria pale kila siku. Harufu inashuka ngazi inakukamata shati.”

Dalva aliusikia mkono wa Lucimara ukilegea ndani ya wake, akadhani ni uchungu wa kuagana.

“Pale pamefungwa,” Lucimara alisema.

“Pafungwe na nani? Jana nimeshusha mzee na wajukuu zake.”

“Mimi leo pilipili siwezi,” Evandro alisema. “Tumbo linanisumbua.”

“Utakunywa maji, mume wangu,” Dalva alimwambia. “Mwenzetu anaondoka. Mpe mchana mmoja tu.”

Basi wakaenda.

Ngazi zilikuwa nyembamba, na juu palikuwa na meza chache, dirisha moja, na bibi mfupi mwenye aproni aliyekuwa anafuta mikono. Watu wa mtaa walimwita Dona Suni. Aliponyanyua uso na kuwaona, tabasamu kubwa lilimjia. Kisha likakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Dalva aligeuka kuona nini kimemkatiza. Nyuma yake alisimama Lucimara, anatazama sakafu.

“Karibuni,” Dona Suni alisema, kwa sauti ya kukaribisha watu asiowajua.

Tadeu aliagiza kwa niaba ya wote: tambi baridi ndani ya mchuzi wenye barafu, maana joto la siku ile lilikuwa la kuanika nguo. Huku wakisubiri hakufunga mdomo.

“Lucimara, ukifika Lisbon watakulisha samaki mkavu mpaka utoe magamba. Utatukumbuka. Utapiga simu unalia, Tadeu, niletee mchuzi.”

“Nitakukumbuka wewe kwa kelele zako tu, mzee.”

“Mzee ni babu yako.”

Dalva alicheka. Mabakuli yakaletwa, na yeye, kwa mazoea, akafungua mdomo amwambie bibi kwamba mumewe hali tango. Popote walipokwenda kazi hiyo ilikuwa yake. Evandro tangu utoto akiona tango anasukuma sahani, na kwa aibu zake hamwambii mpishi. Mkewe ndiye humsemea.

Lakini bakuli la Evandro lilikuwa na yai, nyama, na vipande vya tunda la peasi. Tango halikuwamo. Dalva akatazama bakuli lake. Tango limejaa. La Lucimara limejaa. La Tadeu limejaa.

“Umemwambia saa ngapi?” alimuuliza mumewe.

“Nani?”

“Mpishi. Habari ya tango.”

Evandro alikuwa ameinamia bakuli. “Labda limewaishia.”

“Limeishaje,” Tadeu alisema, mdomo umejaa, “na mimi hapa nimepewa shamba zima.”

Dalva aliweka vijiti vyake juu ya meza. Kichwani mwake zilianza kurudi zile jioni nyingine, zisizo Alhamisi, ujumbe ukiingia kwenye simu: *Watu wamenaswa kwenye lifti huku mjini. Usinisubiri kula.* Na yeye, mke mwema, akiutuma kwenye kundi lao: *Mwombeeni mume wangu, ananing'inia kwenye nyaya huko.* Na Lucimara akijibu: *Maskini shemeji. Mwachie wali jikoni.*

“Huli?” Lucimara alimuuliza.

“Nakula,” Dalva alijibu. Hakugusa bakuli.

Walipokaribia kumaliza, Tadeu akipiga domo lake juu ya ndege na Lisbon, Dona Suni alitoka jikoni. Mikononi alikuwa amebeba kitu kirefu kama mtoto wa miaka mitatu, cheusi, kikavu, kimefungwa kwa kamba ya majani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Lucimara.

“Nilitaka kunyamaza,” alisema kwa Kireno chake cha sokoni. “Ulitikisa kichwa, nikanyamaza. Lakini nasikia ndege, nasikia Lisbon. Ukienda, hiki nitampa nani? Dada yangu amekituma kutoka kwetu, kwa ajili yako.”

“Dona Suni, tafadhali,” Lucimara alisema.

“Ni nini hicho?” Tadeu aliuliza, amefurahi, kama kaletewa sahani ya ziada.

“Mwani wa mzazi. Kwetu mwanamke akishajifungua anakunywa supu yake, damu inarudi, maziwa yanakuja. Huu haukatwi dukani. Haukunjwi. Ukikunjwa, mtoto anatoka kwa shida. Unabebwa hivi hivi mrefu mpaka nyumbani.” Akamgeukia Lucimara. “Siku ile ulipotapika kwa harufu ya samaki nilijua, nikamwandikia dada siku hiyo hiyo.” Halafu akamnyooshea Evandro mikono. “Baba mtoto, beba wewe. Yeye asibebe kitu.”

Tadeu aliangua kicheko. “Ah, Dona, hapo umekosea mlango. Huyu ni mume wa huyu,” akamwonyesha Dalva kwa kijiti.

Alicheka peke yake. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

Dona Suni alimtazama Dalva kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Evandro.

“Mama, umenifananisha,” Evandro alisema. “Mimi hapa sijawahi kufika.”

“Hujawahi kufika.”

“Leo ndiyo mara ya kwanza.”

“Sasa tango nilimtolea nani?”

“Sijui unasema nini, mama.”

“Ulikaa pale dirishani,” bibi alisema polepole. “Ulisema mchuzi wangu unakukumbusha mama yako. Nilikuongezea bila kuomba. Mkeo mwambie unachotaka, hayo ni ya kwenu. Lakini usiniambie mimi kwamba sikukulisha.”

Bado aliunyoosha ule mwani. Evandro aliweka mikono yake chini ya meza.

Dalva hakumuuliza yeye. Alimuuliza shoga yake.

“Mwezi wa ngapi?”

“Wa nne.”

“Na kazi ya saluni?”

“Hakuna saluni. Tiketi alikata yeye.”

“Lucimara,” Evandro alisema.

“Usiniite. Ulisema niondoke, nikakubali. Ulisema ninyamaze, nikakubali, nimekaa na huyu dada yangu tangu asubuhi ananishika mkono, na mimi nimenyamaza. Nilikuomba kitu kimoja, usije ukamkana mtoto. Umemkana. Kwa mpishi.”

“Twende nyumbani, Dalva,” Evandro alisema. “Haya si ya kuongelea mbele za watu.”

“Mimi nilikuwa nataka mtoto,” Dalva alisema. Sauti yake haikupanda. “Unakumbuka? Ukasema mtoto wa nini, sisi tuna Alhamisi zetu. Kitanda kidogo alichonipa mama nikamgawia jirani. Nilijifundisha kutotaka, Evandro. Kwa ajili yako. Ilinichukua muda.”

“Hata huyu sikumtaka,” Evandro alisema.

Alidhani anajitetea. Lucimara aliweka kiganja juu ya tumbo lake, kana kwamba mtoto asisikie. Tadeu alisukuma bakuli mbele. Na mimi sijui maneno mengine ambayo mtu angeweza kuyatafuta ili kuwapoteza wanawake wawili kwa mara moja; yeye aliyapata bila kutafuta.

Dalva alisimama.

“Dona Suni, huu unashikwaje?”

“Kwa mikono miwili,” bibi alisema. “Kichwa kisining'inie.”

Akampokea ule mwani.

Chini, Tadeu alifungua milango ya teksi. “Dalva, mimi sikujua. Naapa kwa kaburi la mke wangu.”

“Najua. Endesha.”

“Na Evandro?”

“Ana miguu.”

Lucimara alikaa mbele. Dalva alikaa nyuma peke yake na mwani umelala mapajani, ncha moja inaelekea mlango huu, ncha nyingine mlango ule. Kwenye kila kona aliushikilia. Walikuwa wameshaliacha jiji walipopigiwa. Dalva aliweka simu sikioni.

“Uko wapi?” Evandro aliuliza.

“Njiani. Uwanjani.”

“Na yeye?”

“Na yeye. Na mwanao.”

“Dalva, nisikilize. Mimi nilikuchagua wewe. Ndiyo maana anaondoka. Huoni?”

“Hukunichagua. Ulimfukuza yeye, nikabaki mimi.”

“Ni kitu kile kile.”

“Ukirudi nyumbani chukua vifaa vyako vya kazi na nguo. Ufunguo mwachie mlinzi.”

Akakata. Simu ikaita tena, ikaita tena, kisha ukaja ujumbe: *Nifanye nini sasa?*

Uwanjani Tadeu alishusha masanduku, akamkumbatia Lucimara bila kumtazama usoni, akarudi kukaa ndani ya gari. Wanawake wale wawili walibaki kwenye mlango wa kioo unaofunguka na kufunga kila mtu anapopita.

“Nisamehe,” Lucimara alisema.

“Hapana.”

“Hata siku moja?”

“Sijui habari ya siku. Leo hapana.”

“Kwa nini basi umenisindikiza?”

“Nilisema nitakusindikiza. Na huu ungeubeba mwenyewe ungeukunja, nakujua, huna subira na vitu.”

Lucimara alianza kulia. Dalva alimwacha alie kidogo.

“Nikuambie kinachonichoma? Si kitanda mlicholalia. Vitanda watu wanalala. Kinachonichoma ni kwamba yule bibi alitaka kukusalimia ukamtikisia kichwa. Mlishakula pale bila mimi, mara nyingi, mpaka anajua tango. Halafu mkakaa mezani mnanitazama nafungua mdomo kumsemea mume wangu.”

“Dalva.”

“Shika. Mikono miwili.”

Lucimara aliupokea ule mwani, akapita mlangoni ubavuubavu ili usigonge kioo. Aligeuka mara moja. Dalva alikuwa ameshaondoka.

Lucimara alijifungua mtoto wa kike huko Lisbon, salama. Dada yake aliukata mwani kwa makasi kwa sababu sufuria ilikuwa ndogo. Lucimara hakurudi Brazil. Aliwahi kumtumia Dalva picha ya mtoto. Ilionekana kwamba imefunguliwa, jibu halikuja.

Evandro alihamia kwa mama yake, mji jirani wa Osasco. Baadaye alivuka bahari kwenda kumwona mtoto, akafunguliwa mlango na dada mtu, akaambiwa hawapo. Alirudi, na bado anatengeneza lifti. Hajaoa.

Tadeu aliendelea kwenda kwa Dona Suni peke yake, anakaa mbali na dirisha, mpaka moyo ulipomsumbua na daktari akamkataza chumvi. Dona Suni alishindwa na ngazi, akahamia kwa mwanawe. Ghorofa ile sasa ni stoo ya vitambaa.

Dalva aliachana na mumewe kisheria na alibaki kwenye nyumba ile ile. Hakupata mtoto. Alhamisi anakula kwake, wali na maharage, na tango analikata nusu nzima.

Kundi la Sahani Nne bado limo kwenye simu zao. Hakuna aliyejitoa. Ujumbe wa mwisho ni wa Tadeu, wa mchana ule wa safari: *Niko chini. Shukeni na masanduku.*