Mstari wa Chini Kabisa

Ulikuwa msimu wa kufungua shule, na duka la vifaa vya kuandikia lilikuwa halipitiki. Muuguzi mmoja, aliyevaa gauni jeupe la kazi na viatu vya raba, alidaka ncha ya karatasi ya manila ya mwisho. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa fundi mwashi mwenye saruji hadi kwenye nyusi.

"Kaka, achia, utaichafua."

"Nikiachia utaondoka nayo, na mimi sitakuona tena."

Mama mmoja nyuma yao akawaambia wakachumbiane nje, watu wana haraka. Wakacheka, wakaikata karatasi katikati. Kumbe wote wawili walitaka kuchora chati ya malengo ya mwaka. Wakapendana, tena kwelikweli.

Mwaka uliofuata chuo cha uuguzi cha mji wa mbali kikamtaka muuguzi akafundishe. Akamweleza fundi, akangoja neno moja tu, la ndoa. Fundi, mwingi wa maneno kwa mengine yote, kwa hilo alikuwa bubu.

"Nipe muda, mpenzi. Jibu langu nitalibandika ukutani kwako."

Akalibandika asubuhi moja, akaenda zake kwenye ujenzi nje ya mji. Muuguzi alipotoka zamu aliikuta chati imepigwa rula vizuri, na kila lengo lina visanduku vya kupaka rangi hatua ikitimia. Akaisoma kama anavyosoma ubao wa wodini, ambako mgonjwa mahututi huandikwa juu kabisa. Juu: nyumba. Kisha karakana. Kisha mashine ya kuchanganyia zege. Mstari wa chini kabisa, karibu na sakafu: ndoa yetu.

Alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Iliuma, jamani, wala tusidanganyane. Simu ikalia.

"Mpenzi, umeliona jibu?"

"Nimeliona."

"Mbona sauti hiyo? Unalia?"

"Nimechoka tu. Kazi njema, fundi."

Fundi akakata simu akitabasamu, akidhani ni machozi ya furaha. Wanaume bwana! Kesho yake muuguzi akausaini mkataba wa chuo wa miaka miwili, akautuma.

Fundi aliporudi mwisho wa wiki, alikuta sanduku limejaa nguo na kabati li tupu.

"Unakwenda wapi?"

"Kufundisha. Ulitaka nikae kufanya nini? Umeniweka chini ya mashine ya zege."

Fundi aliitazama chati, kisha akamtazama yeye.

"Mpenzi, mimi ni mwashi. Ukuta unaanzia wapi? Nilianza na wewe. Hayo mengine yote yanasimama juu yako."

Muuguzi akafunika uso kwa mikono.

"Kwa nini hukusema kwa mdomo?"

"Niliogopa utanikatalia mbele ya macho yangu."

"Ningebaki. Ungesema tu, ningebaki. Sasa ni miaka miwili, na wanafunzi wananingoja."

Hapakuwa na la kulaumiana, na hilo ndilo lililowauma zaidi. Mwishowe muuguzi akajifuta machozi kwa kiganja.

"Basi niulize sasa. Kwa mdomo."

Fundi akamsogelea. "Utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Na kesho ninaondoka."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akainama kulifunga sanduku ili mikono yake ipate kazi. Muuguzi akaishika.

"Usilifunge bado," alisema. "Kaa kwanza."