Fundi Mwenye Barua

Nzi ndio waliotangulia. Baraza haikuwa imemaliza hata juma, haijamwagikiwa tone la chai, na tayari saa sita mchana nzi wa kijani walikuwa wameifunika gubigubi. Auleria aliwapunga kwa upindo wa kanga. Wakaruka wote kwa pamoja, wakatua palepale.

"Lami hiyo," alisema mumewe, Kamugisha, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Itakauka."

"Nzi wameanza lini kupenda lami, Baba Revelian?"

Kamugisha alikuwa karani wa serikali, na tangu alipoalikwa chai kwa bwana wake kule Uzunguni, mwaka huo wa hamsini na moja, hakuona raha mpaka nyumba yake ya Temeke nayo iwe na baraza ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo. Fundi alikuwapo mtaani: Maalim Nassibu, baba yake jirani yao Zuena, aliyesomesha watoto Kurani asubuhi na kupiga randa jioni. Tena alikuwa na desturi yake. Mbao zilale uani kwa mwenye nyumba siku tatu kabla ya kupigwa msumari, ili kila apitaye azione, azinuse, aulize zimetoka wapi.

"Siku tatu za nini? Na barua ya kumsifu anayo?" aliuliza Kamugisha.

Maalim hakuwa nayo. Fundi mwingine, Adelard, ndiye aliyekuwa nayo, imepigwa mashine, ina sahihi ya Mzungu; na Jumapili Adelard alikaa benchi la mbele kanisani. Auleria, ambaye kabla ya kujifungua alikuwa mwalimu, alipinga, na alipinga vizuri.

"Barua inasema alimjengea Mzungu. Haisemi mbao alizitoa wapi. Wewe hujaajiri fundi, umeajiri karatasi."

Akaambiwa maneno ya ujenzi awaachie wanaume.

Basi mbao zikaja, zimeshapakwa lami pande zote, fupifupi, zote kimo kimoja, zikapigwa misumari siku hiyohiyo. Kipande kilichobaki Adelard alikichonga mbuzi ya kukunia nazi, akakichomeka chuma chake, akampa Auleria kwa mikono miwili. "Zawadi ya mama mwenye nyumba." Auleria, mtu wa Bukoba aliyejifunzia nazi hapohapo Temeke, alishukuru. Tangu siku ile hakukunia kitu kingine.

Baada ya nzi ikaja harufu. Jua lilipokolea, lami ililegea, na chini yake yakatoka mafuta ya manjano, mazito kama yale yanayoganda juu ya mchuzi uliolala. Auleria aliyagusa kwa kidole, akanusa. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa chunguni, na juu yake kitu kikali, kitamu, cha kupoza pua, ambacho hakukijua jina. Alisugua kwa sabuni na majivu. Kesho yake mafuta yamerudi.

Lakini lililomtisha ni mtoto. Revelian, wa miezi minane, alikuwa amekataa ziwa siku ya nne sasa. Mbavu zilianza kuhesabika, na bado halii, hana homa. Akiwekwa chini hutambaa kwenda barazani. Alasiri moja Auleria alimfuata polepole, akamkuta amelala kifudifudi, analamba upenyo kati ya mbao mbili, analamba kwa bidii kama ndama kwenye chumvi, akamnyanyua, ulimi mweusi unateleza kwa mafuta, akataka kumfuta, na mkono ukamfia hewani, maana mtoto alikuwa kifuani pake, kinywa wazi, kimya, na sauti ya kulamba ilikuwa inaendelea, chini ya mbao, taratibu, bila haraka, mpaka katika upenyo uleule ukapanda ulimi wa kijivu, mpana kama kiganja, ukapapasa pale mtoto alipoacha mate, ukayafuta yote, ukashuka.

"Zuena!" aliita. "Zuena, njoo!"

Zuena aliruka ua, akafika kwenye kipandio, akasimama. Akaziba pua.

"Shoga, toka hapo. Toka na mtoto."

"Ni nini?"

"Karafuu maiti hiyo unayonusa. Tunawatilia maiti." Aliutazama ubao mmoja mwanzo hadi mwisho. "Na hivi ni viunza. Mbao tunazomfunikia maiti kaburini, udongo usimwangukie. Mtu amefukua watu wetu, Mama Revelian. Amewaacha wazi, akaja kuwajengea nyie."

Auleria alitapika palepale mchangani.

Kamugisha aliporudi kutoka kazini alikataa kuamini. "Fundi yule ana barua!"

"Basi nenda ukaisome," alisema Auleria. "Inama ukaisome humo chini."

Kamugisha akainama. Gizani, chini ya baraza yake, kitu kiliacha kulamba.

"Karibu, bwana," kilisema, kwa upole wa mwenyeji. "Msinionee haya. Si tunakula chungu kimoja?"

Alitambaa kinyumenyume mpaka ukutani.

Maalim Nassibu aliitwa. Kamugisha alimwamkia shikamoo bila kuthubutu kumtazama usoni.

"Marahaba. Hilo ni jini la makaburini," alisema Maalim. "Lilikuwa likilamba viunza hivi kabla hamjavijua. Mmekihamisha chakula chake, nalo limekifuata. Virudi vyote. Kikibaki hata kipande, linabaki nacho."

Siku ya pili yake Kamugisha aling'oa kila ubao kwa mikono yake, shati la ukarani limelowa mafuta, akausukuma mkokoteni mpaka makaburini huku mtaa mzima ukimtazama. Maalim alisoma, ndugu wa maiti wakafukia upya. Adelard hakuonekana tena. Bila shaka alikuwa mlangoni pa karani mwingine, anakunjua barua.

Na kweli, harufu ilikatika. Nzi walikwenda zao. Jioni hiyo Revelian alishika ziwa, akanyonya mpaka akalala, na Auleria akalia kwa furaha.

Jumapili aliwaalika Zuena na baba yake. Alikuna nazi mbili, akapika wali na samaki wa kupaka.

"Leo umekuwa mtu wa Pwani," Zuena alimtania. "Wali unanukia mpaka kwetu!"

Maalim alisoma bismillahi, akatia tonge kinywani. Akaacha kutafuna. Akalitema kiganjani, akalinusa, na uso wake ukazeeka.

"Mwanangu," alisema polepole, "nazi umeikunia nini?"

Auleria alifungua kinywa kujibu. Ulimini mwake, taratibu, ikatanda ile ladha kali, tamu, ya kupoza pua. Akatazama mapajani. Mtoto hakuwapo.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kulamba. Wakaenda wote, hakuna aliyekimbia. Revelian alikuwa amelala kifudifudi mbele ya ile mbuzi, analamba kibao upande mmoja. Na upande wa pili, kwa uvumilivu, ulimi wa kijivu ulikuwa unangoja zamu yake.