Picha Iliyosafishwa

“Inua kidevu, baba. Usicheke. Nimesema usicheke!”

Kila Jumamosi ya likizo ilianza hivyo katika studio ya shangazi. Shangazi alisimama nyuma ya kamera akiwagombeza wateja wa picha za pasipoti, na binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa mbele ya kompyuta akiwapunguzia aibu. Alifuta chunusi, akafuta jasho, akafuta mikunjo ya shati. Wateja walimbandika jina la Fundi Chunusi, naye alilipenda.

Jumamosi hiyo shangazi alirudi kutoka kinamasini na tope hadi magotini, uso umemvimba kwa hasira.

“Wamepiga kigingi hatua tatu kutoka kwenye kiota! Hatua tatu! Mama wa watu amekalia mayai yake, wao wanapima ardhi kama vile yeye ni jiwe!”

Fundi Chunusi alizijua habari zote. Katika kinamasi cha nyuma ya mji walikuwa wamebaki korongo taji wawili tu, dume na jike, ilhali zamani walijaa tele. Sasa mkandarasi alitaka kukifukia kinamasi chote ajenge maghala. Tena alikuwa ameapa mbele ya afisa wa wanyamapori kwamba hakuna ndege aliyetaga ndani ya eneo lake. Afisa alimwita yeye na shangazi Jumatatu. Shangazi akileta ushahidi, kazi itasimama. Asipouleta, Jumanne greda linaanza kufukia.

“Ushahidi ndio huu,” shangazi alisema akimkabidhi kadi ya kamera. “Mimi nakimbilia harusini, hadi kesho usiku sipo. Nisafishie hizi picha tatu, ziwe kubwa, uzitie kwenye bahasha. Ukimaliza, kadi uifute, ina kazi nyingine.”

Balaa lilianzia hapo, kwenye neno moja. Shangazi alijifunza kazi enzi za filamu, katika chumba cha giza chenye mabeseni ya dawa. Kwake yeye kusafisha picha ni kuichapa kwenye karatasi, basi. Msichana alizaliwa akaikuta kompyuta. Kwake yeye kusafisha ni kuondoa uchafu.

Na uchafu ulikuwepo! Korongo ametulia kiotani, taji lake la dhahabu limesimama, yai linachungulia chini ya tumbo. Pembeni yake, kigingi kibaya chenye utepe mwekundu, na nyuma lundo la kifusi na greda la njano. Fundi Chunusi alisonya. Ndege mzuri hivi, na takataka hizi? Akafuta kigingi. Akafuta kifusi. Greda lilimsumbua kidogo, lakini nalo likaenda. Alipofika picha ya tatu moyo ulimwambia apige simu aulize. Akaona uvivu, tena alikuwa anazitaka sifa. Akahifadhi picha mpya juu ya zile za mwanzo, akazichapisha, akaifuta kadi, akaibandika bahasha.

Jumatatu shangazi alikwenda na msichana, na afisa, mama wa makamo mwenye miwani, aliifungua bahasha hiyo mezani kwake. Mkandarasi alizitazama picha, kisha akacheka.

“Ndege mzuri, hongera. Lakini hapa ni wapi? Matete yako kila mahali, afisa.”

“Si unakiona kigingi chako?” shangazi alifoka.

“Kigingi gani?”

Shangazi alizinyakua picha. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kigingi hakikuwepo hata katika moja.

Mkandarasi aliigonga picha moja kwa ukucha. “Na hiki je? Kivuli cha kitu ambacho hakipo! Mama huyu amemtoa ndege kitabuni, akambandika hapa. Mwongo mkubwa, anatupotezea muda!”

Kweli, kivuli kilikuwepo, chembamba, kimelala juu ya matope. Fundi Chunusi alikuwa amefuta kigingi akasahau kivuli chake.

“Picha hizi zimetoka kwako, mama?” afisa aliuliza kwa ukali.

Shangazi alimtazama msichana mara moja tu, macho yanawaka. “Studio ni yangu,” alijibu. “Lawama ni zangu.”

“Basi sina budi kuandika kwamba ushahidi umeghushiwa.” Afisa akachukua kalamu.

Msichana alihisi masikio yanaungua. Alimchukia mkandarasi kwa kicheko chake, lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni yeye mwenyewe. Shangazi anaitwa mwongo, na aliyekosa amekaa pembeni, kimya! Akiendelea kunyamaza, kesho greda linapita juu ya mayai. Alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka.

“Ni mimi! Nimefuta mimi, shangazi hata hakuziona! Kulikuwa na kifusi, na greda, na kigingi kimeandikwa namba ishirini na saba kwa rangi nyeupe. Nilitaka picha ipendeze. Nilitaka na kuuliza, nikaona uvivu.” Machozi yalimtoka, machozi ya hasira. “Hicho kivuli ni cha kigingi chako, bwana! Twende tukaone kama nadanganya!”

“Mtoto huyu hana adabu,” mkandarasi alisema, lakini kicheko kilikuwa kimemkauka.

“Adabu tutaizungumza baadaye.” Afisa alikuwa ameinamia ramani ambayo mkandarasi mwenyewe aliileta. “Kigingi ishirini na saba kiko hapa, katikati ya kinamasi. Ameijuaje namba yake? Mama, chukua kamera. Tunakwenda sasa hivi.”

Walisimama mbali ili wasimsumbue ndege, na afisa akachungulia kwenye lenzi. Alimwona korongo kiotani, na pembeni yake kigingi namba ishirini na saba.

“Kazi imesimama,” alimwambia mkandarasi, “mpaka makinda waruke. Nawe utanieleza kwa maandishi kwa nini uliniapia uongo.”

“Sikujua, afisa.”

“Hukujua! Utepe ulijifunga wenyewe?”

Shangazi alipiga picha mpya, wakarudi mjini. Mlangoni mwa studio ndipo alipolipuka.

“Umenitia aibu! Miaka yote hii sijaitwa mwongo, nimeitwa leo!”

“Nisamehe, shangazi.”

“Nimekusamehe, ila hasira bado ninayo. Umesema kweli mbele ya watu, hilo nalishukuru. Lakini sikiliza. Chunusi ya mteja ni yake, akitaka tuifute, tunafuta. Picha ya ushahidi haiguswi. Ule uchafu ulioufuta ndio uliotaka kumuua yule ndege. Ukiuficha, unamsaidia aliyeuweka. Na jambo usilolielewa uliza, mdomo hautakudondoka.”

Msichana alizichapisha picha mpya kama zilivyo. Greda lilijaza nusu ya karatasi, na kigingi kilikaribia kumgusa korongo. Alizitazama, hasira zikampanda upya.

“Zinakuudhi?” shangazi aliuliza.

“Sana.”

“Vizuri. Na wakubwa wa afisa wakiletewa, ziwaudhi hivyo hivyo. Tia kwenye bahasha.”