Kitenge cha Mama Yake Dufie

Mnanichosha na hadithi hii, wajukuu, kama vile mimi sina mifupa inayouma. Haya. Ilimpata rafiki yangu Konadu, fundi cherehani wa mtaa wa Bantama, na akikumbushwa bado huinamisha uso.

Kuna mteja wake, Mzee Boadi, pumzi humkatika usingizini, basi hulala na barakoa iliyounganishwa na mashine ya hewa. Mikanda yake ilimchubua mashavu, akawa anaivua, na mkewe Dufie anakesha akiogopa asije akafa. Dufie akampa Konadu kitenge cha marehemu mama yake, kilicholainika kwa miaka, akavishie mikanda ile. Konadu akakitamani. Mikanda akaivisha mabaki ya jinzi, kitenge akajifunga kiunoni, ndani ya gauni.

Alasiri akapeleka kazi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, chumba giza. Mzee akajilaza, akavaa, mashine ikavuma.

"Fundi, mbona inakwaruza kuliko jana?"

Kabla hajajibiwa umeme ukakatika. Mashine ikazimika, Mzee akaivua barakoa. Lakini kuna mtu aliendelea kupumua, polepole, haa, haa, kiunoni mwa Konadu.

"Dada, una nini humo?" Dufie akauliza.

Konadu akakifungua palepale, jasho likimtoka. "Nisamehe. Nilikiiba. Kichukue."

Dufie hakunyoosha hata mkono. "Cha nini? Mama ameshakuzoea. Nenda naye, mwizi wewe."

Ndiyo malipo yake hayo, kukitupa hathubutu, wala kukivua. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Yeye hubana pumzi kwa aibu, na kiuno chake kinaendelea kupumua.