Skuta Iliyofupisha Barabara

Ifahamike kwa raia wema wote, kwa vyombo vya usalama, na kwa yeyote aliyekuwa bado amelala: siku ya Jumanne, saa moja na robo asubuhi, kulitendeka uhalifu mzito usio na mfano katika historia ya usafiri wa binadamu. Mshukiwa alinaswa akiwa juu ya chombo cha hatari. Chombo chenyewe kilikuwa skuta ya umeme ya rangi ya waridi, yenye kikapu mbele, na ndani ya kikapu mlikuwa na chupa ya chai na soksi zilizofumwa nusu. Mshukiwa alikuwa nesi wa shule ya bweni, mwanamke wa makamo ambaye hata ngazi huzipanda kama anayeziomba radhi.

"Thelathini na nane," alisema koplo wa trafiki, akimwonyesha tochi ya kupimia mwendo.

"Ishirini na nne," alisema Nesi, akimwonyesha kioo cha mwendo kwenye skuta. "Nilikuwa nakitazama, baba. Mimi huwa nakitazama."

"Tochi haina ugomvi na wewe, mama."

"Na skuta haina ugomvi na wewe."

Koplo alikohoa kikohozi cha kisheria. "Skuta ya umeme mwisho wake ni kilomita ishirini na tano kwa saa. Ikichezewa ikazidi hapo, sheria haiitambui tena kama skuta. Ni pikipiki. Pikipiki inadai namba, bima, leseni na kofia."

"Kofia ninayo."

"Hiyo ni ya jua."

Skuta ikabebwa kituoni. Nesi akapewa wito wa mahakama wa siku ya Ijumaa, na kabla ya kengele ya chai habari zilikuwa zimemfikia mkuu wa shule. Mkuu hakufoka. Alisema tu kwamba mfanyakazi aliyetiwa hatiani hawezi kuachiwa watoto wa watu, na kwamba angesikitika sana. Nesi alikuwa ameitunza zahanati ile tangu ilipokuwa stoo ya mafagio. Akarudi humo, akaketi, akaanza kufikiri.

Vitanda vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa na mgonjwa wa tumbo, kijana mtanashati, mwenye akili nyingi na adabu zisizo na kifani, aliyelazwa tangu Jumatatu asubuhi.

"Pole, Nesi," alisema mgonjwa.

"Wewe lala."

Kwanza alijiuliza kama tochi ilikosea. Lakini Koplo alikuwa ameipima mbele yake, kwa pikipiki ya mwenzake, na haikukosea. Basi skuta ndiyo iliyodanganya. Tangu lini? Hapo akakumbuka jambo alilolipuuza. Kutoka shule hadi nyumbani kwake ni kilomita nne, na kila akifika hutazama kioo kabla ya kuzima. Jumatatu asubuhi alipofika kazini kilisoma nne, kama kawaida. Jioni alipofika nyumbani kilisoma mbili na nusu. Alidhani kimechoka, kama yeye.

"Barabara haisinyai kama sweta," alijiambia kwa sauti.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, ingawa ugonjwa wake ulikuwa wa tumbo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Fundi wa kona, aliyembadilishia Nesi tairi siku ya Jumamosi. Zamani alikuwa na kibao kilichosema TUNAONGEZA SPIDI. Jumatano Nesi alimwita zahanati, akamketisha kwenye kiti cha kuchomea sindano makusudi.

"Dada, mbona unaniweka hapa?"

"Uliigusa spidi ya skuta yangu?"

"Thubutu! Nilifungiwa duka mwezi mzima kwa mchezo huo. Kibao chenyewe nimekigeuza meza."

"Basi niambie mchezo unavyochezwa."

Fundi alitazama sinia la sindano, akaona heri kusema. "Hufungui hata skrubu. Unabonyeza vitufe, unaingia kwenye mipangilio, unaiambia skuta kwamba gurudumu lake ni dogo kuliko lilivyo. Skuta huhesabu mizunguko, haioni barabara. Ikidhani gurudumu ni dogo, inadhani inatambaa, basi inajiachia."

"Na kilomita?"

"Nazo zinapungua. Imeshadanganywa, itajuaje?"

Nesi aliinuka, akamshika mkono. "Nenda zako, kaka. Ungekuwa wewe, Jumatatu asubuhi isingesoma nne."

"Kwa hiyo hunichomi?"

"Una homa?"

"Sina!" alisema Fundi, tayari akiwa mlangoni.

Kwa hiyo mkosaji aliigusa skuta Jumatatu, kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, ilipokuwa kwenye baraza ya zahanati ikichajiwa. Na kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila siku alikuwa akiiomba skuta ile kama mtoto anayeomba peremende: Mlinzi wa geti.

"Jumatatu uliipanda?" Nesi alimuuliza.

"Nani kasema?"

"Matope ya bustani kwenye kibao cha kukanyagia yamesema."

Mlinzi alivua kofia. "Mara moja tu, mama. Saa nane mchana, ulipokwenda kula. Nikaizungusha kwenye maua. Ilinipeleka kama imeibiwa! Nikairudisha hata raundi ya pili sijamaliza. Nilijua Mungu ananiona."

"Ulibonyeza vitufe?"

"Mimi hata simu yangu hunibonyezea mke wangu."

Nesi alimkazia macho. Kila kitu kilimwelekea: nafasi alikuwa nayo, tamaa alikuwa nayo, na uongo alikuwa ameanza nao. Lakini kama saa nane ilikuwa tayari inakimbia, mtu mwingine alikuwa ametangulia.

"Uliichomoa wewe kwenye umeme?"

"Niliikuta imechomolewa. Chaja ilikuwa kwenye kikapu, waya umefungwa vizuri, nikasema leo Nesi kaamka na nidhamu."

Nesi hakuwahi kufunga waya maishani mwake. Huusokota, huutupa, na kila asubuhi huugombeza. Jumatatu jioni aliitia chaja kwenye droo bila kuitazama, na Jumanne skuta ikakamatwa kabla hajaihitaji. Akafungua droo. Waya ulikuwa umekunjwa mara tatu, umezungushiwa fundo nene katikati, na ncha yake imefichwa ndani ili isining'inie.

"Jumatatu nani aliingia huku?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna. Wanafunzi wote walikuwa kwenye mtihani wa majaribio mpaka saa tisa, nilizunguka mwenyewe. Kiranja alimleta huyu mwenye tumbo kabla ya mtihani, basi."

"Ahsante. Rudi getini. Na uyamwagilie maua yale uliyoyaponda."

Mlinzi alipotoka, Nesi alivuta kiti hadi kitanda cha pili.

"Mwanangu, tumbo vipi?"

"Linaendelea vizuri, Nesi. Yaani, vibaya. Lakini kwa ustadi."

"Amka ufunge chandarua. Mkuu anakuja kukagua."

Ukiwa mwanafunzi wa bweni, neno "kukagua" halipiti kwenye ubongo. Linakwenda moja kwa moja mikononi. Bweni hukatwa alama kwa kila ncha ya chandarua inayoning'inia. Mgonjwa alisimama, akakunja mara tatu, akazungusha fundo katikati, akaificha ncha ndani. Alipomaliza, Nesi aliiweka chaja kwenye mto, chini ya chandarua. Mafundo mawili yakatazamana kama mapacha waliopotezana sokoni.

"Fundo hili bweni zima linalijua," alisema mgonjwa, ambaye ujasiri wake ulikuwa umeanza kuvuja.

"Bweni zima lilikuwa kwenye mtihani. Wewe ulikuwa hapa."

Mgonjwa aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilitaka uwe unawahi nyumbani, mama. Ukitoka hapa huwa umechoka. Nilikuonea huruma."

"Huruma yako ingenipa chai. Mbona hukuniambia?"

Mgonjwa aliangalia dari, akaangalia sakafu, akakosa mlango katika zote mbili.

"Tulisoma mzingo wa duara," alisema polepole. "Mwalimu alisema mashine inaamini namba unayoipa. Nikaiona skuta pale nje. Nikasema, hivi kweli itaamini? Hilo tu. Nilitaka kujua."

"Na ukajua."

"Nikajua. Ilikuwa nzuri sana, Nesi," alisema, kisha akaona uso wa Nesi.

Nesi aliongea taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Kwenye kivuko cha shule ya chekechea kulikuwa na watoto. Nilitazama kioo, nikaona mwendo wa kawaida, nikajua nitasimama pale ninaposimama siku zote. Nilisimama mbele ya hapo. Wa mwisho alikuwa ameshapita. Unanielewa? Ameshapita tu."

Mgonjwa aliitikia kwa kichwa.

"Kesho utanisindikiza kituoni," alisema Nesi. "Mimi sitamtaja mtu."

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa mbele ya meza ya Koplo. Skuta ya waridi ilikuwa imeegemezwa ukutani, kikapu kikiwa kimepinda kidogo. Nesi alieleza mambo ya gurudumu, ya kilomita mbili na nusu, ya Jumatatu. Koplo alisikiliza, akawasha skuta, akaingia kwenye mipangilio kama Fundi alivyoelekeza kwa simu. Ukubwa wa gurudumu haukuwa wa kweli.

"Imechezewa," alikubali. "Lakini mama, kuchezewa bila mchezaji ni hadithi. Kesho hakimu atauliza ni nani. Ni nani?"

Nesi alikunja mikono, akatazama dirishani. Hakugeuza hata jicho.

Koplo aliiinua kalamu. Akangoja. Halafu taratibu akaanza kuilaza tena juu ya meza.

Yule kijana mtanashati, mwenye akili nyingi na adabu zisizo na kifani, alisogeza mguu mmoja mbele. Angeweza kuendelea kuitwa mgonjwa. Angeweza kuitwa mwanafunzi mmoja, au mtu asiyejulikana.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi, afande. Yeye hakujua."